Ngozi ya Mzee Nyumbani: Kinga ya Kila Siku Nachingwea na Ruangwa

Tanzania Bara ina makazi ya wazee yanayoendeshwa na serikali, na baadhi ya majina yake yanajulikana na wengi: Nunge kule Kigamboni, Fungafunga mjini Morogoro, Njoro mjini Moshi, Bukumbi mkoani Mwanza, Kolandoto mkoani Shinyanga. Zanzibar kuna Sebleni na Welezo. Hata hivyo, wanaolelewa humo ni wachache mno ukilinganisha na wazee wote wa nchi, ambao Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu kuwa takriban milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Waliobaki wako nyumbani. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, makazi ya mzee kwa kawaida ni nyumba ya binti yake. Asubuhi utamkuta barazani, jioni utamkuta jikoni karibu na moto. Wauguzi wake ni binti huyo, mjukuu na pengine jirani. Hawana sare, hawakupata mafunzo, na hakuna zamu inayokuja kuwapokea jua likizama.

Makala haya ni kwa ajili yao, na kwa ajili ya watumishi wa zahanati na vituo vya afya wanaowapokea. Sehemu kubwa ya maradhi ya ngozi ya wazee ninayoyaona kliniki yangeweza kuzuiwa nyumbani, kwa vitu vinavyopatikana katika soko lolote la wilaya hizi mbili, iwapo tu pangekuwapo mtu mmoja anayeitazama ngozi hiyo na kuigusa kila siku. Dawa za tyubu huja baadaye, na mara nyingi hukuta mambo yamekwisha kuharibika.

Ngozi inavyozeeka

Chembe za tabaka la juu la ngozi zimepangika mithili ya vigae, na kati yake mna mafuta yanayozuia maji ya mwili yasitoke na vya nje visiingie. Umri unavyosogea, tezi za mafuta na za jasho hupunguza kazi, tabaka la juu hushindwa kushika maji, na tabaka la chini lenye nyuzi zinazoipa ngozi uimara huwa jembamba. Mishipa midogo ya damu hubaki bila mto wa kuikinga. Ndiyo maana mikono ya mzee huwa na mabaka meusi ambayo hakumbuki aliyapata wapi: amejigonga kidogo mlangoni, damu imevuja chini ya ngozi. Jeraha ambalo kwa mjukuu hufunga upesi, kwa bibi huchukua muda mrefu zaidi, na kama chakula chake ni ugali wa muhogo na kitoweo haba, muda huo hurefuka tena.

Kiswahili kina neno zuri la matokeo ya awali ya hali hii: kupauka. Miguu chini ya magoti, mikono na mgongo hugeuka rangi ya majivu, kisha huonyesha mistari kama udongo wa bwawa lililokauka. Ni jambo dogo machoni pa watu wa nyumbani, na hata machoni pa baadhi ya watumishi wa afya, ambao humwambia mzee kuwa ni uzee tu. Lakini ngozi iliyopauka huwasha, nayo huwasha zaidi usiku. Mzee hujikuna kwa kucha ndefu, ngozi hupasuka, bakteria huingia, na mwanzo wa jipu au wa mguu uliovimba na kuwaka kwa maambukizi ukawa ni mafuta yaliyokosekana mwezi wa sita. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu wagonjwa wazee waliohudhuria kliniki ya ngozi ya kituo cha mafunzo kilichopo KCMC, Moshi, kundi lililoongoza lilikuwa ukurutu. (Neno hili hutumiwa na watu kwa maradhi zaidi ya moja, wengine wakimaanisha upele. Hapa nalitumia kwa ngozi iliyovimba, kuwasha na kupasuka bila ya mdudu wala fangasi.) Na ngozi kavu isiyotunzwa ni mojawapo ya njia kuu zinazompeleka mzee kwenye ukurutu.

Nachingwea na Ruangwa zina masika mamoja, ya Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo huja kipupwe: upepo wa kusi, asubuhi za baridi, hewa isiyo na unyevu. Ni katika miezi hiyo ndipo wazee wengi huanza kuwashwa, na ni katika miezi hiyohiyo ndipo familia, kwa mapenzi mema, hufanya mambo matatu yanayozidisha tatizo. Humwogesha mzee kwa maji ya moto sana. Humsugua kwa dodoki na sabuni ya mche, ile ya kufulia, ambayo ni kali na huondoa hata mafuta machache yaliyosalia. Kisha humfuta na kumvika, bila kumpaka chochote.

Utaratibu ninaoupendekeza hauhitaji fedha nyingi. Maji yawe ya uvuguvugu, na muda wa kuoga uwe mfupi. Sabuni ya kuogea isiyo kali itumike kwapani, kwenye kinena, makalioni na miguuni. Mikono, mgongo na mapaja havihitaji sabuni kila siku. Dawa za kuua vijidudu zinazomiminwa kwenye maji ya kuoga hazina kazi katika ngozi nzima na huikausha. Mkaushe mzee kwa kumgusagusa na kanga laini badala ya kumsugua, na ndani ya dakika tatu hivi, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, umpake mafuta mgando yasiyo na manukato. Mafuta hayaleti maji. Hufungia maji yaliyopo, ndiyo sababu ya haraka hiyo. Jioni apakwe tena kabla ya kulala. Wilaya hizi zinalima ufuta kwa wingi, na watu huniuliza kama mafuta yake yanafaa. Kwa mzee ambaye hayamletei vipele, yanafaa kuliko kutopaka kitu, ila mafuta mgando hukaa muda mrefu zaidi juu ya ngozi. Angalizo mbili hazina budi kusemwa. Nyayo zilizopakwa mafuta huteleza sakafuni, na anguko la mzee ni balaa kubwa kuliko muwasho. Na nguo iliyolowa mafuta hushika moto upesi, kwa hiyo nguo na mashuka ya mzee anayeota moto yafuliwe mara kwa mara, naye akae mbali na ndimi za moto.

Hapa nina neno kwa wenzangu wa zahanati. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua haki ya wazee ya kupata huduma za afya, na mzee asiye na uwezo hutibiwa bila malipo. Lakini mafuta ya kulainisha ngozi kwa kawaida hayahesabiwi kuwa dawa, hivyo mzee hutoka dirishani na krimu ya bure asiyoihitaji, huku mafuta anayoyahitaji akitakiwa ayanunue mwenyewe. Ningeona fahari kuliona kopo la mafuta mgando likiandikwa kwenye kadi ya mgonjwa kwa uzito uleule wa dawa ya shinikizo la damu.

Mzee anayewashwa mwili mzima ilhali ngozi haina vipele, na mafuta ya wiki tatu hayakumsaidia, apimwe. Kisukari, figo zinazoshindwa kazi, ugonjwa wa ini na wa tezi ya shingo, na baadhi ya saratani huanza kwa muwasho. Virusi vya Ukimwi navyo vinahusika. Mtumishi asione haya kumpima mtu wa miaka 70 kwa kudhani kuwa umri umekwisha kumwepusha. Dawa anazotumia nazo ziulizwe. Wazee wenyewe wanalielewa jambo hili vizuri, kwa kuwa wanaukumbuka muwasho wa klorokwini, iliyokuwa dawa kuu ya malaria nchini hadi mwaka 2001, na wengine watakusimulia kwa kicheko jinsi walivyoitupa nyuma ya nyumba.

Muwasho wa usiku, na mkono wa mjukuu

Bibi mmoja wa Ruangwa aliletwa kwangu na mjukuu wake wa kike baada ya kujikuna kwa miezi minane. Umri wake haukuandikwa popote, ila alisema alizaliwa wakati Waingereza wakifyeka mapori ya Nachingwea kwa mradi wa karanga, yaani kati ya mwaka 1947 na 1951. Mkobani mlikuwa na tyubu tatu tupu za krimu ile yenye mchanganyiko wa dawa tatu: ya fangasi, ya bakteria na ya jamii ya steroidi. Krimu hiyo huuzwa kwenye maduka ya dawa kama jibu la kila kitu. Hutuliza muwasho kwa siku chache, huficha sura ya ugonjwa, na ikitumiwa kwa miezi hufanya ngozi ya mzee, iliyo nyembamba tayari, kuwa kama karatasi ya kuvutia sigara. Kwa sababu ya mabaka na magamba, watu wa nyumbani walikuwa wameanza kunong'ona kuhusu ukoma, na bibi alikuwa amehamishiwa kulala kwenye jiko la nje.

Mgongo wake ulikuwa umekunwa kiasi cha kutoweza kusomeka. Nilimwomba mjukuu anionyeshe viganja vyake. Katikati ya vidole mlikuwa na vipele vidogo vya maji na mikwaruzo, naye akakiri kuwa usiku hujikuna, na mdogo wake pia.

Ulikuwa upele, unaosababishwa na mdudu asiyeonekana kwa macho anayechimba vijia ndani ya ngozi. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017, na upele hauchagui tajiri wala maskini, msafi wala mchafu. Huhama kwa kugusana ngozi kwa ngozi, na kumlea mzee ni kugusana. Kwa wazee huwa na sura ya kupotosha: huweza kukaa mgongoni na hata kichwani, tofauti na vijana, na kwa mzee aliyedhoofika hujenga magamba mazito yenye wadudu wengi kupita kiasi huku muwasho ukiwa mdogo. Mzee mmoja wa namna hiyo anaweza kuambukiza nyumba nzima, au makazi mazima ya wazee pamoja na wauguzi wake.

Kosa la kawaida ni kumtibu mzee peke yake. Dalili kwa mtu aliyeambukizwa mara ya kwanza huchukua wiki nne hadi sita kujitokeza, hivyo anayelala chumba kimoja na mgonjwa huku akijiona mzima huenda tayari anao. Wote wa nyumba watibiwe usiku mmoja, awashwe au asiwashwe. Dawa ya maji ya benzili benzoeti au krimu ya permethrini ipakwe kuanzia shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole, chini ya kucha, kwenye kitovu na sehemu za siri. Kwa mzee ipakwe pia kichwani na usoni, macho na mdomo vikikwepwa. Kiasi, muda wa kukaa na dawa mwilini, na siku ya kurudia, vifuatwe kama mtoa dawa alivyoelekeza. Kuna pia vidonge vya aivamektini, vilivyoingizwa mwaka 2019 katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu kwa ajili ya upele, navyo hutolewa kwa uamuzi wa tabibu. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichofulika kifungwe ndani ya mfuko kwa siku tatu au zaidi, maana mdudu huyu hufa akiwa mbali na mwili wa mtu. Familia iambiwe mapema kuwa muwasho unaweza kuendelea kwa wiki mbili hadi nne hata baada ya wadudu kufa. Wasipoambiwa, watapaka dawa kila siku na kuichoma ngozi.

Katika nyumba ya bibi yule walitibiwa watu saba. Mwezi uliofuata ngozi ilikuwa imetulia. Kurudi kwake kulala ndani kulichukua muda zaidi, na kulihitaji mhudumu wa afya ngazi ya jamii aende mara mbili kukaa barazani na watu wa nyumba hiyo.

Mzee asiyeweza kujigeuza

Hapa ndipo maisha hupotea, kwa hiyo msomaji anivumilie nikikaa kidogo.

Mzee aliyepatwa na kiharusi, aliyevunjika nyonga au aliyedhoofika tu kwa umri hulala upande mmoja kwa saa nyingi. Uzito wa mwili huibana ngozi kati ya mfupa na kitanda, damu haipiti, na nyama hufa. Kidonda cha mgandamizo huanzia ndani, karibu na mfupa, na kinapoonekana juu kikiwa na upana wa shilingi, chini yake huenda pana pango la ukubwa wa ngumi. Kutoka hapo bakteria huingia kwenye damu. Baadhi ya wanaosemwa kuwa wamekufa kwa kiharusi wamekufa kwa kidonda kilichofuata kiharusi.

Vitabu vingi vya uuguzi hufundisha kuwa dalili ya kwanza ni wekundu usiopotea ukibonyezwa kwa kidole. Picha zake ni za watu weupe. Kwa ngozi ya Mmwera au ya Mmakua usisubiri wekundu, hutauona. Tafuta sehemu iliyokuwa nyeusi zaidi au ya zambarau kuliko ngozi ya jirani, inayong'aa, na zaidi ya yote tumia mgongo wa mkono wako: sehemu iliyo na joto au baridi kuliko pembeni, iliyo ngumu au iliyolegea kama embe lililoiva sana, au inayomfanya mzee akunje uso ukiigusa, imeanza kufa. Pa kutazama ni mwisho wa uti wa mgongo juu ya makalio, nyonga mbili, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega na nyuma ya kichwa. Tazama mchana, penye mwanga wa mlangoni, kila siku wakati wa kuoga.

Mzee ageuzwe kila baada ya saa mbili kwa desturi ya kiuguzi: mgongo, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto. Najua maana ya agizo hilo kwa binti aliyeshinda shambani. Usiku, familia moja niliyoihudumia Nachingwea iligawana: mama alimgeuza babu kabla ya kulala, kijana wa sekondari alimgeuza alipomaliza kusoma, na mama tena alipoamka usiku wa manane, kisha alfajiri. Haikuwa kila saa mbili, lakini ilikuwa kila usiku, na babu yule mwenye kiharusi alikaa zaidi ya mwaka bila kidonda. Alazwapo ubavu, asilale juu ya nyonga moja kwa moja. Mto au blanketi lililokunjwa liwekwe nyuma ya mgongo ili aegame kidogo, na kitambaa laini kitenganishe magoti. Mto uwekwe chini ya ndama za miguu ili visigino vining'inie hewani.

Usimburute. Ngozi inayoburutwa juu ya mkeka au kamba za kitanda huchanika kwa ndani. Tandika kitenge kilichokunjwa mara mbili chini yake, watu wawili washike ncha na kumnyanyua. Kitanda cha kamba kiwekewe godoro. Na ile kata ya nguo, ya duara kama ya kubebea ndoo, ambayo wengi huiweka chini ya makalio au kisigino kwa nia njema, iondolewe, kwa sababu ukingo wake hubana damu pande zote na katikati hubaki bila chakula. Vivyo hivyo, sehemu iliyobadilika rangi isikandwe.

Mkojo na kinyesi huilainisha ngozi hadi ivunjike. Mzee asiyejizuia asafishwe kila anapochafuka, kwa maji na kitambaa laini, akaushwe, kisha apakwe tabaka la mafuta mgando au mafuta ya zinki kama ukuta. Hapa tunagusa jambo la heshima. Mkwe hawezi kumvua mkwewe, na mama mtu mzima anaweza kukubali kuoza kuliko kutazamwa na mwanawe wa kiume. Mwuguzi wa kituo aulize mapema ni nani hasa anayeruhusiwa kumwogesha mzee huyu, ampe mtu huyo maelezo, asiyape kundi lote lililojaa chumbani. Mara nyingi jibu ni mjukuu, kwa kuwa babu na bibi ni watani wa wajukuu zao, na utani huo hufungua mlango uliofungwa kwa wengine.

Chakula ni sehemu ya kinga hii. Nyama ya mwili haijengwi na wanga peke yake. Mbaazi, kunde, ufuta uliosagwa, korosho, samaki na mayai vyote vinapatikana hapa. Mzee asiye na meno apondewe. Anyweshwe maji mara kwa mara, hata kama familia inaogopa kuwa atalowesha kitanda.

Kidonda kikishajitokeza, kisafishwe kwa maji safi yaliyochemshwa na kuachwa yapoe, kifunikwe kwa kitambaa safi, na mzee apelekwe kituoni. Unga wa vidonge vya antibiotiki, majivu, kahawa na mafuta ya breki havina nafasi hapo.

Korosho na moto

Kuanzia Oktoba korosho huanguka, na bibi aliyestaafu jembe bado anabangua. Ganda la korosho lina mafuta makali, ndugu wa sumu ya mimea ya kigeni inayojulikana kwa kubabua ngozi. Huchoma vidole vikawa vyeusi na kuchubuka, na moshi wa kukaangia huvimbisha kope na mashavu. Wabanguaji hupaka majivu au mafuta mikononi. Ni busara ya zamani, na glovu zikipatikana ni bora zaidi. Mzee mwenye mikono iliyopasuka apumzishwe kazi hii hadi ngozi ifunge. Wapo wanaopaka mafuta ya ganda kwenye nyufa za visigino au kwenye sugu. Nimeona vidonda vilivyotokana na tiba hiyo kwa watu wenye kisukari, na sikushauri hata kwa mzima. Wakati wa kupuliza salfa kwa ajili ya ubwiriunga, mzee asikae upande upepo unakoelekea, na akiwashwa macho au ngozi aoshwe kwa maji mengi.

Kuota moto nako kuna alama yake. Miguu ya mbele ya wazee wengi ina michoro myeusi kama wavu wa samaki, ambayo si fangasi wala haiondoki kwa krimu. Ni joto la miaka mingi. Sogeza kigoda nyuma, mpe soksi na blanketi. Kovu la zamani la moto, au kidonda cha mguuni kisichopona kwa miezi mitatu na chenye kingo zilizoinuka, kipelekwe hospitali kikatwe kipande na kupimwa, maana saratani hupenda kuota hapo. Wazee wenye ualbino, ambao jua limewaruhusu wachache mno kufikia umri huo, wakaguliwe uso, masikio na midomo kila miezi mitatu.

Mkanda wa jeshi niutaje kwa kifupi, kwa kuwa dakika za mwanzo zina thamani. Malengelenge yanayojipanga upande mmoja wa kifua au uso, yakitanguliwa na maumivu ya kuchoma, yafikishwe kituoni ndani ya siku tatu. Dawa ya kuzuia virusi hufanya kazi vizuri zaidi mapema. Si kweli kwamba mkanda ukizunguka mwili wote mtu hufa.

Miguu isiyohisi

Nunge na Bukumbi zilianza kama makazi ya wenye ukoma, na hilo si historia iliyopita kwa watu wa kusini. Liwale na Nanyumbu, zinazopakana na Nachingwea, zilichaguliwa miaka ya 2010 kwa mradi wa kuwapa dozi moja ya rifampisini watu waliokaa karibu na wagonjwa wa ukoma, kwa sababu ugonjwa bado upo. Baka lisilohisi, liwe jeupe kidogo au jekundu, ni sababu ya kwenda zahanati kwa mzee wa umri wowote. Dawa ni bure, kwa miezi 6 au 12, na aliyeanza dawa hana haja ya kuhamishiwa jikoni.

Lakini wazee wengi walipona ukoma miaka ishirini au arobaini iliyopita na wakabaki na nyayo zisizohisi. Dawa iliua vimelea, haikurudisha mishipa ya fahamu. Kisukari huleta hali ileile. Mguu kama huo hukanyaga msumari na kuendelea na safari. Funza nao, wale wa kuingia vidoleni, hupata makao kwa mzee asiyeweza kuinama wala kuona. Mjukuu auloweke mguu katika beseni la maji ya kawaida kwa dakika ishirini, asugue taratibu sugu zilizolainika, apake mafuta mguu ukiwa na unyevu isipokuwa katikati ya vidole, akate kucha kwa kunyoosha, kisha atazame unyayo na kila nafasi kati ya vidole. Akiona funza asichokonoe kwa sindano iliyotumika kwa mwingine. Ampeleke zahanati, na kinga ya pepopunda iulizwe hapohapo, kwa kuwa wengi wa kizazi hiki hawakuchanjwa. Ndani ya viatu nako pakung'utwe kila asubuhi. Viatu viwe vyenye soli ngumu na ndani laini, na visibane.

Kwa yanayoshinda zahanati, ziko hospitali za wilaya zote mbili, Mnero, Nyangao, Ndanda, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi. Nenda na mtu anayemwogesha mzee, kwa sababu ndiye anayejua lini baka lilianza. Usimpake mafuta wala dawa asubuhi ya safari, ili daktari aone ngozi ilivyo. Leta maboksi ya kila kilichopakwa, hata cha mganga wa jadi, hakuna atakayekugombeza.

Minada ya ufuta hufanyika kipupwe kinapoanza, na hiyo ndiyo wakati fedha inapoingia majumbani. Godoro la sponji, makopo mawili ya mafuta mgando, jozi ya soksi na viatu vya mzee vinunuliwe wiki hiyo, kabla ya madeni mengine kugonga mlango.